Herufi za Kaka Zilipoanza Kupinda

Jumatatu, 4 Machi

Mvua imeanza leo, na leo hiihii tumeanza zamu ya wodi ya afya ya akili. Wenzangu wanaiita zamu ya kupumzika, kwa kuwa hakuna damu wala kushona. Mimi naiogopa tangu juzi. Kuna jambo la kwetu ambalo sijamwambia mtu yeyote chuoni: baba yangu alikufa akiwa amerukwa na akili. Nilikuwa mdogo. Ninachokumbuka ni mlango wa chumba chake uliofungwa kwa nje, na sauti yake akiniita kwa jina la shangazi. Nyumbani jambo hilo halizungumzwi, lakini mimi au kaka tukifanya kosa la kipuuzi, kusahau sufuria motoni kwa mfano, watu wazima hutazamana.

Mwalimu ametugawia kazi ya utafiti wawili wawili. Mimi nimepangwa na Redio, yule kijana asiye na kitufe cha kuzima. Swali letu: wanafunzi wa udaktari wanaelewa nini kuhusu bakteria wa utumbo na afya ya akili? Redio amefurahi sana. "Kumbe nikinuna asubuhi silaumiwi mimi," akasema. "Walaumiwe wapangaji wangu wa tumboni."

Jumatano, 6 Machi

Mvua. Tumeandaa maswali ya dodoso. Redio anataka swali la "je, umewahi kuzungumza na utumbo wako?" Nimelifuta.

Jumatatu, 11 Machi

Tumeanza kuwahoji wenzetu kantini. Karibu kila mtu amesikia kwamba tumbo na ubongo vina mazungumzo. Ukimuuliza yanapitia wapi, anaanza kupapasa hewani. Mmoja wa mwaka wa tano aliniambia kwa uhakika kabisa kwamba sonona inaponywa na maziwa ya mgando. Nikamuuliza kama angemwachisha mgonjwa wake vidonge. Akasema, "Mgonjwa wangu hapana. Labda wa kwako."

Nilicheka, lakini nilipofika nyumbani nilimsimulia kaka yote, maana kaka hupenda habari za namna hii. Ninaishi kwake tangu mama alipofariki. Yeye ni mwandika mabango. Nusu ya vibao vya mtaa huu ni vya mkono wake: kinyozi, duka la vioo, mlango wa mhunzi. Hana haja ya rula. Huvuta pumzi, hushusha brashi, na herufi husimama kama askari kwenye gwaride.

Leo alinisikiliza akiwa amefumba macho. Nilidhani anatafakari. Kumbe amelala, saa kumi alasiri, kopo la rangi likiwa wazi mapajani.

"Siku hizi usiku halali," wifi akaninong'oneza. "Mchana ndipo huanguka hivyo."

Alhamisi, 14 Machi

Kaka amekonda. Suruali anaifunga kwa kamba ya katani. Anasema ni mvua, kazi ya nje imepungua, na mtu asipofanya kazi hali. Wifi anasema kula anakula, tatizo ni kwamba choo kinamsumbua. Sikutilia maanani. Nani asiyesumbuliwa na choo?

Jumapili, 17 Machi

Leo mtaa mzima umecheka. Mwenye ghala la saruji alimpa kaka kazi ya kuandika USIKOJOE HAPA kwenye ukuta wa nyuma. Kaka akaandika, kwa herufi kubwa nyekundu, KOJOE HAPA. Watu walijipanga kupiga picha. Mzee mmoja akasema walau sasa ana kibali.

Mwenye ghala alikuja juu kama maziwa ya moto. "Fundi, unanifanyia mzaha?"

Kaka alisimama mbele ya ukuta akausoma, akausoma tena. Sikuwahi kumwona na uso ule. "Mbona nimeandika yote," akasema. "Yote yapo."

Watu wakacheka zaidi. Mimi nilitazama herufi. Ya kwanza ilikuwa imesimama. Ya pili imeinama kidogo. Kufikia HAPA, mstari ulikuwa unateremka kama mtu anayeshuka mlima gizani.

Jumatatu, 18 Machi

Wodini leo tulifundishwa kumpima mgonjwa kama anajua yuko wapi, siku gani, mwezi gani. Nilirudi nyumbani nikamuuliza kaka leo ni siku gani, kama utani.

Akafikiri muda mrefu. "Wewe si msomi? Tazama kalenda."

Jumamosi, 23 Machi

Shangazi amekuja. Alisikia habari za ukuta. Habari za aina ile hazihitaji nauli. Ni dada mkubwa wa baba, mwanamke mrefu asiyekaa mpaka umsogezee kiti mara ya pili. Alimtazama kaka akila: kijiko kinapita mdomo, kinarudi, chakula kinamwagika kifuani. Tulipokwenda jikoni akanishika kiwiko.

"Baba yenu alianza hivihivi."

"Shangazi, tafadhali."

"Kwanza usingizi. Halafu kusahau. Halafu akawa anamtukana kila mtu, yeye aliyekuwa mpole kuliko godoro. Ninakwambia wewe kwa sababu unasomea hayo. Ipo kwenye damu yetu. Na wewe ujiangalie."

Wifi alikuwa mlangoni na sinia. Sijui amesikia kiasi gani.

Nimejifungia chumbani, nimesoma vitabu mpaka macho yakauma. Natafuta ugonjwa unaopita kutoka kwa baba kwenda kwa mwana. Kila ukurasa namwona kaka, na chini ya kaka najiona mimi. Jana nilisahau jina la mwalimu wa mwaka wa kwanza. Nimekaa hapa najaribu kulikumbuka kana kwamba maisha yangu yananing'inia hapo.

Jumatano, 27 Machi

Mvua bila kukoma. Redio anasema nimenuna. Nimemwambia ni bakteria.

Jumanne, 2 Aprili

Kaka amempiga wifi. Nimeandika, nimetazama sentensi hiyo, bado siamini. Kaka ambaye akiua mende huomba radhi. Wifi alimwondolea brashi kwa sababu alikuwa anapaka rangi kwenye meza ya kulia. Kaka akamzaba kofi, kucha zikamchana shavu. Kisha akakaa chini akalia kama mtoto, akimuuliza wifi, "Nani amekupiga? Niambie ni nani."

Wifi hakwenda kwao. Nilimwambia angeweza, hakuna ambaye angemlaumu. Akanijibu, "Wifi, yule aliyenipiga simjui. Nikiondoka, mume wangu nitakuwa nimemwachia yeye."

Nimeamua. Ijumaa nampeleka kliniki ya akili. Si ile ya hospitali yetu, maana kule ningekutana na darasa zima. Iko nyingine, ng'ambo ya soko.

Ijumaa, 5 Aprili

Daktari wa zamu alikuwa kijana, mchovu, na foleni ilifika nje kwenye mvua. Kaka alikaa kwenye kiti akisinzia. Nilizungumza mimi. Nilieleza kama tunavyofundishwa kutoa taarifa ya mgonjwa: umri, kazi, dalili zilivyofuatana, historia ya ukoo. Nilisema baba alikuwa na ugonjwa wa akili. Nilisema nadhani ni sonona kali yenye kukosa usingizi. Daktari aliniuliza, "Wewe ni mwanafunzi wa udaktari?" Nikasema ndiyo, kwa fahari kidogo. Akaacha kuuliza maswali yake akaandika majibu yangu.

Tumepewa vidonge vya usingizi, na vya sonona tuanze wiki ijayo. Tulipotoka, kaka aliinua mikono yote miwili kusimamisha gari. Viganja vikawa vinaanguka na kuinuka, vinaanguka na kuinuka, kama kuku anayejaribu kuruka. Dereva akadhani anamfukuza, akapita.

Mwili wake una harufu ngeni, tamu, kama matunda yaliyolala kabatini. Nilidhani ni rangi.

Jumamosi, 6 Aprili

Amelala vizuri. Wifi amefurahi. Mimi pia. Nimempikia uji mwepesi na kumwekea maziwa ya mgando pembeni, nikajicheka.

Jumapili, 7 Aprili

Leo nitaandika yote, kwa mpangilio.

Asubuhi wifi aliniita kwa sauti ambayo sikuijua. Kaka alikuwa haamki. Anapumua, ila ukimwita anafungua macho nusu, anatazama mahali ambapo haupo, anarudi alikotoka. Nilimbinya ukucha kwa nguvu. Akanguruma tu. Vidonge nilivihesabu: hakuzidisha. Alikunywa kile nilichompa kwa mkono wangu.

Barabara ilikuwa mto. Hakuna gari lililokubali kuingia mtaani. Mwenye ghala la saruji, yuleyule wa ukuta, alikuja na mkokoteni wake na turubai. Hakusema habari za KOJOE HAPA. "Mshikeni kichwa," ndilo neno pekee. Tulisukuma, maji yakiwa magotini, wifi akishikilia turubai juu ya uso wa mumewe kama mwamvuli. Na mimi njia nzima nasikia sauti ya mlango unaofungwa kwa nje.

Tulimpeleka hospitali yetu. Sikujali tena nani ataniona.

Mapokezini alikuwapo daktari bingwa wa magonjwa ya ndani, yule mama ambaye wanafunzi wote wanamwogopa. Tunamwita Darubini kwa sababu hakuna anachokosa kuona. Alimfunua kaka kope za macho. Akamvuta shati juu, akagonga tumbo kwa vidole, upande huu, upande ule. Akainama akanusa pumzi yake.

"Macho haya yamekuwa ya manjano tangu lini?"

Nilitazama. Yalikuwa manjano. Si sana, lakini manjano. Nimeishi na macho yale nyumba moja.

"Nilidhani ni uchovu," nikasema.

"Mara ya mwisho kupata choo ni lini?"

Sikujua. Nimewauliza nusu ya chuo habari za utumbo na akili, na kaka yangu sikumuuliza swali hilo hata mara moja. Wifi ndiye aliyejibu, kwa haya, "Ni siku nyingi, daktari. Tangu wiki iliyopita ile. Aliona aibu kusema."

"Dawa yoyote ametumia?"

Nikatoa vidonge mfukoni. Alivisoma, akavitia kwenye koti lake.

"Wewe ni mwanafunzi wetu."

"Ndiyo, daktari."

"Mwaka wa nne."

"Ndiyo."

Aliwageukia wauguzi akaagiza sukari ipimwe, damu ichukuliwe, na dawa iingizwe kwa njia ya haja kubwa mara moja. Wifi alinishika mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi kama vyombo vilivyolala nje.

"Anakufa?" akaniuliza.

Nilitaka kumjibu kama daktari, halafu nikataka kumjibu kama wifi yake. Hakuna aliyejitokeza.

Jumatatu, 8 Aprili

Hajaamka. Nimemweleza Darubini yote tangu Machi, hata ukuta. Mvua. Wifi hataki kula.

Jumanne, 9 Aprili

Darubini aliniita koridoni leo. Nilijiandaa kufukuzwa chuo.

"Ini la kaka yako limejaa makovu," akasema. "Ni homa ya ini aina ya B, ya miaka mingi. Huenda amekaa nayo tangu utotoni bila kujua. Sasa niambie. Bakteria wa utumbo wanatengeneza nini wakivunja chakula?"

Nilijua. Kwa nini nilijua na sikujua? "Amonia, daktari. Pamoja na vitu vingine."

"Na nani anaisafisha?"

"Ini."

"Na ini likishindwa?"

"Inapanda kwenye ubongo."

"Na mtu akifunga choo?"

"Inazidi."

"Na ukimpa vidonge vya usingizi?"

Machozi yalitoka mbele yake, kitu nilichoapa hakitatokea mbele ya mwalimu.

Kisha akasema, si kwa ukali, "Usiku kuwa mchana. Hasira. Mwandiko unaoharibika. Mikono inayopepea. Kila kitu alikuwa anakuonyesha. Lakini ulikwenda kwake na jibu mkononi." Akaanza kuondoka, akageuka. "Si wewe peke yako. Yule daktari wa kliniki nitampigia simu. Naye alipaswa kuangalia macho."

Jumatano, 10 Aprili

Ameharisha kitandani mara mbili. Wifi na mimi tulishangilia kama timu imefunga bao. Muuguzi alitutazama kama sisi ndio wagonjwa.

Jioni alifungua macho, yote. Akamtazama wifi. "Mbona umekonda hivyo?" akamuuliza. Wifi akafunika uso kwa ncha ya kanga, akacheka na kulia, sikujua kipi kilianza.

Jumamosi, 13 Aprili

Anajua leo ni Jumamosi. Anajua mwezi. Nimempa kalamu aandike jina lake. Herufi zimeyumba, lakini zote zipo.

Ameniuliza kwa nini shavu la wifi lina alama. Wifi alinitazama haraka. Akasema aligonga mlango. Mimi nimenyamaza. Sijui kama nimefanya vema.

Atakunywa dawa ya maji, tamu, kila siku, ili apate choo laini mara mbili tatu. Na vidonge vya kumzuia kirusi. Ini halitarudi kuwa jipya. Darubini alimweleza bila kuficha. Kaka alisikiliza, kisha akauliza, "Kwa hiyo sina wazimu?"

"Huna," akasema Darubini.

"Basi hayo mengine tutayazungumza."

Lakini mimi niliona mikono yake chini ya shuka, jinsi alivyoikunja.

Jumatano, 17 Aprili

Tumewasilisha utafiti wetu mbele ya darasa. Redio alisema matokeo: karibu wote wamesikia kwamba bakteria wa utumbo wanahusiana na akili, wachache wanaweza kueleza njia, wengi mno wanaamini chakula fulani kinatosha kuponya. Kisha nikasimama. Sikutaja kaka. Nilieleza mgonjwa mmoja, mwandika mabango, na mwanafunzi mmoja aliyempeleka kliniki isiyo yake.

Redio alinitazama, akaelewa, na kwa mara ya kwanza tangu nimjue hakusema kitu. Yule wa mwaka wa tano akanyoosha mkono: "Kwa hiyo maziwa ya mgando yanasaidia au hayasaidii?"

"Uthibitisho bado mdogo," nikasema. "Kunywa kama unayapenda. Ila mgonjwa wako mwangalie macho, na umuulize kuhusu choo."

Wachache walicheka. Mimi nilikaa.

Jumapili, 21 Aprili

Kaka yuko nyumbani. Amelala mchana kidogo, na kila anapolala tunasimama mlangoni, wifi na mimi, kumsikiliza anavyopumua. Akisahau neno tunatazamana. Leo alimwita wifi mara mbili kwa jina langu, kisha akajisahihisha. Nyumba nzima ilishikilia pumzi. Nadhani itakuwa hivi sasa.

Jumamosi, 4 Mei

Shangazi amekuja kumjulia hali. Nilimweleza polepole: ini, kirusi, sumu inayopanda kichwani. Nikamwambia kwamba kirusi hiki huweza kukaa ndani ya familia, na kwamba kwa jinsi alivyonisimulia leo, tumbo lililovimba, macho, usingizi, huenda baba naye hakuwa na wazimu. Huenda. Hakuna wa kumpima sasa.

Mvua ilikuwa imepungua, inadondoka kwenye ndoo tu.

"Alikuwa ananiita," akasema. "Mle chumbani. Siku ya mwisho aliniita mpaka sauti ikakauka. Wakubwa walisema nisimfungulie, atamdhuru mtu. Ufunguo nilikuwa nao mimi."

"Shangazi, msingejua."

"Najua tusingejua. Nakwambia tu kwamba alikuwa ananiita."

Wifi alimletea maji, na shangazi, ambaye hakubali kitu bila kubembelezwa, aliyapokea kwa mikono miwili akayanywa yote.

Darubini ameagiza ukoo mzima tupimwe. Shangazi amekubali, ila kwa sharti kwamba sindano asiione.

Jumapili, 12 Mei

Wifi hana kirusi. Amechanjwa chanjo ya kwanza. Shangazi hana. Majibu yangu yamechelewa, wanasema mashine.

Ijumaa, 17 Mei

Ninacho.

Darubini aliniita mwenyewe, akafunga mlango, akanisogezea kiti. Ini langu kwa sasa ni zima, vipimo vyote ni vizuri. Nitaangaliwa kila baada ya miezi kadhaa, pengine kwa miaka, pengine bila kuhitaji dawa. Watu wengi, akasema, huishi nacho mpaka uzee. Nilijua kila neno kabla hajalisema. Nilikuwa nimelisoma, nimelipatia alama nzuri kwenye mtihani, na bado lilinipita kama lugha ya watu wengine.

Kaka alikuwa kwenye benchi la nje, amenisindikiza kwa kisingizio cha kuja kuchukua dawa yake. Aliniona usoni.

"Na wewe?"

Nikaitikia kwa kichwa.

Hakuniambia nisiogope. Alisogea kwenye benchi, akaondoa kofia yake mahali palipobaki, akapigapiga palepale nikae. Tulikaa hivyo muda mrefu, watu wakipita na mafaili yao. Baadaye akasema, "Siku za kliniki uwe unaniamsha. Tutakuja pamoja."

Sasa niko chumbani. Mvua imekoma, mtaa umejaa sauti za watoto waliofungiwa siku nyingi. Nimelala chali nikajibonyeza chini ya mbavu za kulia, kama tunavyofundishwa: vuta pumzi, bonyeza, sikiliza. Hakuna kinachouma.

Kaka naye hakuna kilichowahi kumuuma.